Mtalii Mwenye Godoro

Jabe, Bujumbura
Jumapili, 6 Juni 2004

Mdogo wangu Mwantum,

Assalaam alaykum. Salamu hizi zikukute wewe, shemeji Shaabani na mtoto mkiwa na afya kama hii tuliyo nayo sisi. Zubeda anakusalimu. Mwezi uliopita alishikwa na homa, lakini sasa anasonga ugali kwa nguvu zile zile na kugombana na majirani kwa nguvu zaidi. Mvua zimekatika, vumbi la Jabe limerudi mahali pake. Usiku bado tunasikia milio ya risasi kutoka milimani, ila ni ya mbali, watoto wa mtaa hawaamki tena.

Barua yako ya Machi ilifika Mei kwa mkono wa dereva wa lori la samaki. Ilinuka ndagala mpaka Mama akacheka, akasema angalau tumejua imepita Rumonge.

Sasa jambo lenyewe. Mama anataka kuja kwako. Kila mara unaandika kwamba huwezi kuacha duka, naye ameacha kuuliza kwa nini. Anasema mtoto akishindwa kuja, mama anaweza. Mashua hataki, analiogopa ziwa. Kwa miguu hataki pia. Unakijua kiapo chake. Mwaka sabini na mbili alivuka pale Mugina kwa miguu, wewe mgongoni, mimi na marehemu ndugu yetu Idi tumeshika kanga yake, na godoro alilotoka nalo nyumbani akaliacha njiani. Juzi aliniambia hivi: "Mi sivuki tena mupaka kama mutu anafukuzwa. Nitavuka na gari, na papier, wanipige cachet kwa pasipoti, niende, niangalie, nirudi kwangu."

Nikamwambia mtu wa namna hiyo anaitwa mtalii. Akafikiri kidogo. "Basi andika mutalii," akasema.

Tangu siku hiyo nimeingiwa na hamu ya kujua. Katika kazi yangu ya vipuri nimewajua wengi wanaovuka kwa biashara, na wanaovuka kwa kukimbia tunawajua sote. Anayevuka ili atazame tu, hapa kwetu simjui hata mmoja. Ninauliza huku na huku, na kila jibu naliandika katika daftari langu la siku pamoja na tarehe. Nisaidie na wewe. Je, maofisa wenu wa mpakani pale Manyovu ni watu wa namna gani? Wanakubali gari lenye namba za Burundi? Na kuna jambo moja linanisumbua kuliko yote: sisi tunaendesha upande wa kulia, nyinyi kushoto. Mahali hasa pa kubadili upande ni wapi? Kwenye kizuizi chetu, kwenye chenu, au katikati?

Ningependa tuje kabla ya mwisho wa mwaka.

Kaka yako,
Faridi

~

Ujiji, kwa anwani ya duka la Bwana Hamimu
25 Julai 2004

Kaka Faridi,

Waalaykum salaam. Nashukuru kusikia wifi Zubeda amepona. Mwambie kelele zake nazikumbuka, na huku hakuna wa kunichekesha namna ile. Sisi ni wazima. Shaabani anakohoa asubuhi, ni vumbi tu. Raihana ameng'oa meno mawili ya mbele. Aliambiwa ayatupe juu ya paa ili panya amletee mapya, akasubiri kusikia yanavyogonga, lakini nyasi hazitoi sauti, akalia kwamba panya hakusikia.

Mwambie Mama kwamba somo wake Raihana ana masikio yake kabisa, yale yanayosimama.

Kuhusu mpaka, mimi nilikuja kwa mashua, kwa hiyo nimewauliza madereva wanaopita. Mmoja anasema upande unabadilishwa kwenye kizuizi chenu, kwa heshima. Wa pili anasema kwenye cha Manyovu, kwa sheria. Wa tatu amesema yeye hafikirii, mikono inajua. Maofisa nasikia ni watu wa kawaida, mwenye karatasi wanampitisha.

Kaka, hamu niliyo nayo ya kumwona Mama sitajaribu kuiandika. Lakini mwaka huu si mzuri. Nyumba ina matengenezo, Shaabani huenda akasafiri, na njia ya kusini tunasikia bado magari yanapigwa risasi. Mama si mtu wa kusubiri barabarani. Acheni kwanza mambo yatulie. Akiniuliza, mwambie nimesema nitaandika.

Mdogo wako,
Mwantum

~

Jabe, 19 Septemba 2004

Mdogo wangu Mwantum,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika jana. Nimemsomea Mama habari ya meno, akaniambia niirudie. Zubeda anauliza kama shemeji amejaribu maji ya tangawizi na asali.

Kuhusu kusubiri, nimemwambia Mama. Kesho yake alinituma kwa mshona magodoro.

Nikueleze kwa utaratibu. Gari limepatikana. Tajiri wangu Méthode, yule wa Kigobe, ametoa Corolla yake. Unakumbuka mwaka tisini na tano Mama alivyowalaza watoto wa Méthode chumbani kwake mpaka hatari ikapita mtaani. Nilikwenda kumwomba nikiwa nimetayarisha maneno marefu, akanikatiza: "Faridi, usiniulize kama utachukua gari. Niambie utalichukua siku gani." Ameniandikia barua ya ruhusa, nimeipeleka ofisi ya komine ikagongwa muhuri.

Pasipoti zipo. Viza nimeomba ya utalii. Salvator, tunayefanya naye kazi dukani, hajalala tangu asikie. Kila nikiingia ananiuliza: "Mutalii, kaptula iko wapi? Utapiga picha mbuzi wa Mabanda?" Nikamwambia cheka tu, wewe hujawahi kuvuka hata mto Rusizi bila kubeba gunia.

Kisha kuna kadi ya njano. Niliambiwa bila kadi ya njano hupiti, nikampeleka Mama kuchanjwa homa ya manjano, tukapewa kadi. Nikaenda nayo ofisi ya bima nikijua nimemaliza. Mama mmoja pale, anaitwa Caritas, akaifungua, akaisoma taratibu, akaniuliza: "Gari limechanjwa mkono gani?" Kumbe kadi za njano ni mbili, ya chanjo ya mtu na ya bima ya gari. Sasa ninazo zote, moja moja katika bahasha yake.

Godoro ni lako. Mama anasema mtoto wa kike akiolewa, godoro linatoka kwa mama yake, na wewe uliolewa huko bila hilo, kwa hiyo mpaka leo umelala kama mtu wa kupita. Ni la sufi, zito, la watu wawili. Nilimwambia magodoro Kigoma yapo. Akasema: "Yapo, lakini ni ya nani?" Litakwenda juu ya gari.

Pamoja na barua hii nimeweka kitambaa cha mezani alichokutumia Mama.

Nina swali moja, usikasirike, unajua nilivyo. Mwaka juzi uliniandikia nyumba ina mabati mapya. Meno ya Raihana yalitua wapi hata yasitoe sauti?

Mama siku hizi anapenda kukaa karibu na dirisha. Ningependa sana tuje kabla ya mwisho wa mwaka, au Januari, isizidi hapo.

Kaka yako,
Faridi

~

Ujiji, 28 Novemba 2004

Kaka Faridi,

Waalaykum salaam, na Idd iliyopita tuwieni radhi. Tulikula wali. Kikohozi cha Shaabani kimepungua kwa tangawizi, asante wifi.

Kitambaa kimefika. Ni kizuri. Nimekigeuza upande wa nyuma. Mama hajawahi kuacha fundo nyuma ya kitambaa maisha yake yote, alinipiga vidole kwa ajili ya mafundo. Hiki kina mafundo kila ua. Hiki ameshona Zubeda.

Umeniandikia "kabla ya mwisho wa mwaka" katika kila barua. Umeandika anakaa dirishani.

Mama ana nini?

Meno yalitua jikoni. Jiko letu lina paa la nyasi.

Mwantum

~

Jabe, 19 Desemba 2004

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Sisi ni wazima isipokuwa hilo uliloliona mwenyewe.

Ni macho. Daktari wa Mutanga Sud anasema ni presha ya macho, na iliyopotea hairudi. Alianza kwa kuona pembeni giza, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Sasa bomba linazidi kuwa jembamba. Ukikaa mbele yake kwenye mwanga anakuona. Ukisogea, anakutafuta. Alinikataza kukuandikia. Alisema: "Ukimwambia, ataacha duka na kuja mbio, na njia ni mbaya. Mi ndiye nitaenda." Ndiyo maana nilikaa kimya, na Zubeda akashona.

Anataka akuone wewe, na amwone somo wake ambaye hajamwona hata mara moja. Daktari hatoi tarehe, lakini aliposikia Januari alisema Januari ni vizuri.

Kwa hiyo tunaondoka Jumatatu, tarehe 10 Januari, kwa msafara wa asubuhi unaosindikizwa na askari. Matengenezo ya nyumba yasikusumbue. Tutashuka dukani kwa Hamimu na kuuliza njia.

Kaka yako,
Faridi

~

4 Januari 2005

Kaka Faridi,

Salaam. Barua yako imenifikia leo, na hii naitoa leo hii. Usimsomee Mama. Soma kwanza peke yako.

Siishi Ujiji. Niliishi pale mwaka mmoja, katika chumba cha Bwana Hamimu, nikaolewa pale. Kisha wasiokuwa na karatasi walikusanywa wakapelekwa kambini, na sisi tulikuwemo. Raihana amezaliwa humu. Kutoka kunataka kibali, na mgeni kuingia pia. Hamimu ni mtu mwema, hupokea barua zenu na kuzituma huku na gari la mahindi. Duka langu ni beseni la vitunguu katika soko la nje kidogo ya geti la kambi. Nyumba ni ya udongo na nyasi, na ninaifagia mara mbili kwa siku.

Unakumbuka siku naondoka, Mama alivyonishika mkono pale bandarini. "Fanya kazi yoyote, lala popote, lakini usilale kambini." Alimzika Idi katika kambi ya sabini na mbili. Ningeandika nini, Kaka? Nilianza na mabati, na baada ya mabati ikabidi niwe na duka.

Sasa anakuja kutazama kwa mara ya mwisho, na kitu atakachokiona ni hiki. Sitaki. Heri asione kitu chochote, abaki na nyumba ile niliyomwandikia. Mwambie nimesafiri. Mwambie mpaka umefungwa. Naomba barua hii ikukute.

Mwantum

~

Jabe, Jumapili, 6 Februari 2005

Mdogo wangu Mwantum,

Assalaam alaykum, wewe, Shaabani na Raihana. Tulifika salama. Zubeda alitupokea kwa pilau na maswali. Barua yako ya tarehe 4 Januari niliikuta mezani tuliporudi. Ilitangulia kutoka kwako na kuchelewa kufika kwangu, na kwa mara ya kwanza nimelishukuru lori la samaki.

Pale sokoni Mama hakukuachia hata kidogo, kwa hiyo mimi na wewe hatukuzungumza. Ulituona tumefika. Hukuona tulivyofika, nami sipendi jambo libaki nusu.

Msafara ulikwenda vizuri. Kuanzia Nyanza-Lac Mama aliniambia nipunguze mwendo. Aliuliza kama mto bado uko kushoto, kama daraja ni lile la mbao. Nilimwambia sasa ni la saruji. "Ni bora," akasema. Mugina walitupiga muhuri wa kutoka bila neno. Hapo nikasimamisha gari nitafute jibu la swali langu. Mwantum, mahali pa kubadili upande hapapo. Kati ya vizuizi viwili kuna barabara ya udongo yenye mbuzi, wanawake wenye ndizi na baiskeli, na kila mtu anapita panapompendeza. Nilipita katikati mpaka Manyovu.

Pale nilimpa ofisa bahasha zangu zote kwa mpangilio. Ni kijana mrefu, mpole. Alimsalimia Mama shikamoo kupitia dirishani, akasoma kila karatasi.

"Sababu ya safari?"

"Utalii."

"Utalii." Akainua macho akatazama juu ya gari. "Na godoro."

"Ni zawadi," nikasema.

"Kaka, hapa nimeona magodoro mengi yakiingia. Hakuna hata moja lililokuwa la mtalii."

Mwanamke mmoja mwenye ndizi akasema: "Labda nyumba ya wageni imewaambia kila mtu aje na la kwake." Foleni ikacheka.

Ofisa hakucheka. "Karatasi zako ni safi kuliko za mkuu wangu," akasema. "Ndiyo sababu nashangaa. Watu wa magodoro wanakaa pale." Akanionyesha banda la mabati lenye watu na mizigo. "Jioni linakuja lori, linawapeleka kambini. Huko watawasikiliza."

Nilimweleza tena. Nilimwonyesha viza, bima, barua ya Méthode, hata kadi ya chanjo. Akafikiri, akasema: "Basi lishushe. Liache hapa, upite kama mtalii. Kama ni mtalii kweli, godoro la nini?"

Nilikuwa na nia ya kulishusha. Niliona heri tukose godoro kuliko kukukosa wewe. Nimeshafungua fundo la kwanza nikasikia sauti ya Mama kutoka ndani.

"Faridi, unafungua nini?"

"Godoro, Mama. Wanasema watalii hawabebi."

"Rudisha kamba."

Akafungua mlango, akatafuta ardhi kwa mguu, akashuka. Alikwenda kwa mkono juu ya bodi ya gari mpaka alipofika mbele ya yule kijana, akainua kichwa mpaka akampata.

"Ni we mwenye cachet?"

"Ni mimi, Bibi."

"Mutalii ni mutu wa namna gani?"

"Ni mtu anayekwenda kuangalia vitu, Bibi. Wanyama, milima, ziwa. Akimaliza anarudi kwake."

"Basi ni mi. Macho yangu inazimika, munganga amesema. Nimebakiza watu wawili wa kuangalia, na wote wako upande wako. Nikimaliza narudi kwangu Jabe. Godoro si ya kulalia mi. Mutoto wangu aliolewa huku bila godoro ya mama yake. We umeoa?"

"Nimeoa, Bibi."

"Godoro ilitoka wapi?"

Kijana akatazama chini. "Kwa mama mkwe," akasema.

Yule wa ndizi akasema: "Haya, naye alishushe lake." Sasa hata ofisa akacheka. Aliandika, akagonga muhuri, akafunga pasipoti. Mama akasema: "Iko wapi?" Ikabidi aifungue tena. Akamshika Mama kidole cha shahada, akakiweka juu ya muhuri. Wino ulikuwa mbichi. Mama alikaa njia yote amekinyoosha kidole kile, hataki kiguse kanga.

Ujiji tulishukia kwa Hamimu. Nilimwacha Mama garini, nikaingia kuuliza nyumba yako. Mzee yule aliniita nyuma ya mapazia ya duka, akaniambia yote. Alifunga duka ili atuonyeshe njia. Nilirudi garini sijui nitaanza wapi. Nilisema tu: "Mama, Mwantum hakai hapa. Anakaa kambini. Ana miaka mingi humo."

Nikawasha gari, tukatoka mjini, tukapanda mlima. Mimi nangoja kilio, au aniambie tugeuze. Baada ya mwendo mrefu akasema:

"Kwa hiyo lori ya yule mutoto wa cachet ingetufikisha bure."

Hamimu alicheka mpaka akashika dashibodi. Mimi sikuweza kucheka wala kulia, niliendesha.

Sasa niseme hali. Wiki hii anaona mwanga wa mlango, na umbo la mtu akisimama ndani yake. Uso hapana. Mtaani wanamwita Bi Mtalii, naye anaitika. Kila anayekuja kumpa pole anamkaribisha kwenye mkeka na kumsimulia safari kuanzia Rumonge, na pole haipati nafasi ya kutoka mdomoni. Sijamsomea barua yako. Sioni tena kazi yake.

Lakini nina swali. Ulipokuwa umesimama pale na yeye, sikusikia mlichosema, nilikuwa nafungua kamba. Nisimulie.

Kaka yako,
Faridi

~

Kambini, 27 Machi 2005

Kaka Faridi,

Waalaykum salaam. Ni mara ya kwanza ninaandika juu ya barua mahali ninapokaa, na kalamu imesita kidogo. Sote wazima. Mvua imebomoa ukuta wa jirani, Shaabani amemsaidia kuujenga. Vitunguu vinauzika.

Umeuliza, nakujibu.

Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya beseni langu, najipa moyo kwamba barua imekukuta. Mara nasikia makelele kwenye barabara ya soko. Watu wanarukia mitaroni, mwenye baiskeli anatukana ukoo mzima wa dereva. Gari jeupe linakuja polepole kabisa, kwa adabu, upande wa kulia. Juu yake godoro. Nilijua ni wewe kabla sijaona uso. Baada ya maswali yote yale, Kaka, miezi sita ya kuuliza madereva. Nafikiri uliendesha upande wetu mpaka moyo ulipofika nyumbani, ndipo mikono ikarudi nyumbani nayo.

Nilitaka kukimbia. Nasema kweli. Nilisimama nijifiche nyuma ya mahema ya wauza nguo, na Raihana ndiye aliyenishika sketi akauliza: "Mama, yule bibi mwenye masikio kama yangu ni nani?"

Mama aliniambia nisimkumbatie kwanza. Alisema: "Ngoja. Simama kwenye jua." Nikasimama kwenye jua. Akanigeuza uso kulia, akanigeuza kushoto, akasogea mpaka nikasikia pumzi yake. Akasema nimekonda mashavu, na kwamba kovu la paji la uso limehama. Nikamwambia kovu halihami, Mama. Akasema: "Basi ni uso umehama." Kisha akamfanyia Raihana hivyo hivyo. Mtoto alidhani ni mchezo, akafungua mdomo amwonyeshe meno mapya. Mama akayahesabu kwa kidole kile chenye wino, na wino ukabaki kwenye mdomo wa mtoto mpaka jioni.

Mimi nilikuwa nalia, nikamwambia: "Mama, ulinikataza kulala kambini." Aliuliza nyumba iko wapi. Nikamwonyesha, ingawa kwa umbali ule najua hakuiona. Akasema: "Idi alikufa sababu tulilala chini, kwenye baridi. Ndiyo nilikukataza. Sasa hutalala chini."

Ndipo ulipomaliza kamba. Shaabani alilipokea godoro, akaliweka kichwani, akaingia nalo getini. Mama alimfuata kwa macho. Nilidhani amempoteza, maana alishakuwa mbali katikati ya watu, lakini godoro ni kubwa na jeupe, na aliendelea kutazama mpaka lilipopinda nyuma ya nyumba za mwisho. Akasema: "Ile ya kwanza ilibaki njiani. Hii imefika." Hapo ndipo alipokubali nimkumbatie.

Nilikuwa nimeogopa macho yake ya mwisho yataona nyasi na udongo. Sijui kama aliona nyasi hata moja.

Sasa habari za huku. Wanaotaka kurudi Burundi wanaandikishwa, malori yanaondoka kila wiki. Shaabani anasema tungoje uchaguzi upite. Mimi nasema tungoje, lakini nimeshanunua kamba. Tutakuja kwa lori, hatuna budi, na sijui wataandika nini kwenye sababu ya safari yetu. Godoro litakuwa juu. Mwambie Mama akae mlangoni, penye mwanga. Sisi ndio tutakuja kusimama mbele yake, na asipotuona atatushika masikio.

Raihana hajawahi kufika katika mji wenye magari mengi. Tangu siku ile ya kelele barabarani ana swali, na ameniambia nisifunge bahasha kabla sijaliandika, kwa sababu mjomba wake ni mtu wa kujibu maswali. Anauliza: huko Bujumbura, mtu akitaka kuvuka barabara kwenda kwa bibi yake, aanze kutazama upande gani?

Mdogo wako,
Mwantum